Kanuni Uliyoikariri

Wewe mwanafunzi usomaye kurasa hizi, ukiulizwa derivativu ya x² utajibu 2x kabla muulizaji hajafumba kinywa. Umefundishwa kukiteremsha kipeo na kukipunguza kwa moja, nawe umeridhika. Mimi nasema hujajibu kitu. Kasuku angefundishwa angejibu vivyo hivyo, tena pasipo kudai alama.

Nakuuliza swali jingine. Jiwe likianguka pasipo kuzuiwa, baada ya sekunde t huwa limeshuka karibu mita 5t². Je, sekunde ya pili ilipotimia, kasi yake ilikuwa nini? Usiniteremshie kipeo. Kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda, na katika nukta moja ya wakati hakuna umbali wala muda. Sifuri kwa sifuri haigawanyiki. Hapa ndipo kanuni yako inapokuacha njiani.

Basi chukua muda mdogo baada ya sekunde ya pili. Kwa sehemu ya kumi ya sekunde, wastani wa kasi ni mita 20.5 kwa sekunde. Kwa sehemu ya mia, 20.05, kwa sehemu ya elfu, 20.005. Ukiuita muda huo h, wastani ni 20 + 5h daima. Kadiri h inavyopungua, wastani huikaribia 20, wala hauna nambari nyingine unayoielekea. Hiyo 20 ndiyo derivativu. Haikupatikana kwa kugawanya sifuri. Ilipatikana kwa kutazama hesabu inaelekea wapi.

Usione haya ikiwa jambo hili lakutatiza. Leibniz alichapisha kanuni zake mwaka 1684, na Newton alikuwa amezivumbua zake kabla yake. Lakini mwaka 1734 Askofu Berkeley aliwashitaki wanahisabati kwamba huitumia h kama kitu wanapogawanya, kisha huitupa kama si kitu. Shitaka lake lilikuwa la haki. Jibu lililonyooka halikupatikana hadi karne ya 19, katika kazi za Cauchy na Weierstrass. Namheshimu askofu yule, aliyekataa kukubali asichokielewa, kuliko mwanafunzi apataye alama zote kwa kukariri.

Najua utaniambia mtihani hauulizi haya, na mwalimu ana haraka ya kuimaliza silabasi. Huo ni udhuru wa mwalimu, si wako. Usiku wa leo twaa kalamu, uifanye x³ kwa h, mstari kwa mstari, mpaka uione 3x² ikitokea yenyewe, na mabaki yote yamebeba h.