Mtambo wa Pombe Usiofichwa

Kuna jambo moja ambalo sisi Wakenya tumelikubali kama tunavyokubali mvua na jua: kwamba akenekaye pombe kijijini hukeneka usiku, kando ya mto, huku mtoto wake akiwekwa njia panda kuwachungulia askari. Tumelizoea mno hivi kwamba hatujiulizi lilianzaje wala kama ni lazima liwe hivyo. Tukisikia neno chang'aa, fikira zetu hukimbilia msako, mapipa yaliyopinduliwa, na kilio cha mama mjane aliyeitegemea biashara hiyo kulipia ada za shule. Mara nyingine hukimbilia maiti.

Nia yangu leo si kuitetea chang'aa wala kumfunza mtu kunywa. Wasomaji wa safu hii wengi ni walimu na wanafunzi, na ningekosa adabu lau ningewapigia debe walevi mbele yao. Ninachotaka ni kusimulia nilichokiona katika kijiji kimoja cha milima ya Alpi, ambako kazi ii hii hufanywa mchana kweupe, serikali ikijua.

Kijiji chenyewe huitwa Stanz. Kiko katika jimbo la Tirol, magharibi mwa Austria, juu ya mji wa Landeck upitiwao na mto Inn. Nilikuwa nimemaliza shughuli za kitaaluma mjini Vienna, nikapanda garimoshi kuelekea magharibi kupitia Innsbruck, kisha basi lililopanda mlima kwa kona nyingi. Msomaji asidhani kwamba nilifika kwenye theluji ya milele. Stanz kiko mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari, yaani chini kuliko Nairobi, juu ya kipande cha ardhi kilichoelekea kusini na kupata jua siku kutwa. Jua hilo ndilo utajiri wake. Miti ya plamu husitawi pale kuliko mtu angetarajia mahali palipozungukwa na vilele vya mawe matupu. Wenyeji hujivunia mambo mawili: kwamba Jakob Prandtauer, msanifu majengo aliyeijenga upya nyumba mashuhuri ya watawa ya Melk, alizaliwa kijijini mwao mwaka 1660, na kwamba kijiji hicho chenye watu 600 na ushei kina mitambo ya kukenekea pombe zaidi ya 50.

Hebu zingatia hesabu hiyo. Lau kijiji chetu kimoja kingegunduliwa kuwa na mitambo 50, naibu chifu angepoteza kazi yake kabla ya jua kutua.

Niliyemtembelea alikuwa mama wa makamo, mkulima wa ng'ombe wachache na miti ya matunda. Mtambo wake ulikuwa katika chumba kilichopakana na zizi, na mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na la kustaajabisha kwa mtu aliyewahi kusoma kemia ya sekondari: chungu kikubwa cha shaba, bomba la kupitishia mvuke, na chombo cha maji baridi cha kuurudisha mvuke huo kuwa majimaji. Nilimuuliza kwa nini shaba, na si chuma kisichoshika kutu ambacho ni rahisi kukisafisha. Alinieleza kwamba shaba huzinasa harufu mbaya za salfa zitokazo kwenye matunda yaliyochacha, na kwamba pombe iliyopikwa bila shaba hunuka. Chungu hakikugusa moto. Kilizungukwa na maji ya moto, ili rojo la matunda lisiungue chini.

Kazi yenyewe huanza wiki nyingi kabla ya moto kuwashwa. Plamu huvunwa zikiwa zimeiva hasa, tena hazina ukungu wala uozo. Huondolewa majani na vijiti, huoshwa, hupondwa bila kuvunjavunja kokwa, kisha rojo hufunikwa mahali pa baridi mpaka sukari yote igeuke alkoholi. Mama yule alinikazia jambo hili kana kwamba nilikuwa mwanafunzi wake: mtambo haukiongezi kitu chema ambacho hakikuwamo katika tunda; huweza tu kukitoa au kukiharibu. Kilo 100 za plamu humpa lita kumi hivi za kinywaji cha nguvu ya asilimia 40. Ndiyo maana hawezi kupoteza hata ndoo moja ya rojo kwa uzembe.

Rojo hukenekwa mara mbili. Ni mara ya pili ndipo ufundi huonekana. Majimaji ya kwanza kudondoka huitwa kwa lugha yao kitangulizi. Aliyakinga kwenye gilasi ndogo, akaninusisha. Yalinuka kama gundi ya fundi viatu. Hayo humwagwa. Kinachofuata ndicho wakiitacho moyo, na harufu ya plamu hujaa chumbani kwa ghafla hata mtu asiyekunywa akatabasamu. Halafu huja kifuasi, chenye harufu nzito ya mvuke wa nguo mbichi, nacho hutengwa pia. Hakuna kipimo kinachomwambia saa ya kukata. Hutumia pua na ulimi, akitema. Alinusa, akangoja, akanusa tena, kisha akabadilisha chombo bila kusema neno. Moyo ule huwa na nguvu ya asilimia 60 na zaidi, kwa hivyo huachwa utulie miezi mingi kabla ya kupunguzwa nguvu kwa maji ya chemchemi.

Nilipomwona akimwaga kitangulizi nilijiuliza: ni nini kimfanyacho mtu amwage kitu alichokitolea jasho? Uungwana ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi nadhani ilikuwa ukutani na juu ya chupa. Juu ya chupa palikuwa na jina lake. Ukutani palikuwa na karatasi za serikali.

Katika Austria mtambo wa namna hiyo hujulikana na idara ya forodha. Kabla ya kuwasha moto, mkulima hutuma taarifa: atakeneka tunda gani, rojo lita ngapi, siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Ofisa aweza kubisha hodi wakati huo akague. Kodi haikadiriwi kwa kupima kila tone litokalo, bali kwa kiwango ambacho sheria imeweka kwa kila aina ya tunda, hata mzembe aliyeliacha rojo lake liharibike aweza kujikuta akilipia pombe asiyoipata. Mkulima mdogo huruhusiwa kutengeneza lita 100 za alkoholi halisi kwa mwaka, akitozwa kama nusu hivi ya kodi ya kawaida. Isitoshe, huachiwa kiasi cha matumizi ya nyumbani bila kodi yoyote: lita 15 kwa ajili yake, na katika majimbo ya Tirol na Vorarlberg lita 6 zaidi kwa kila mtu mzima wa nyumba yake, jumla isizidi 51. Katika majimbo mengine ya nchi hiyo nyongeza ni lita 3 tu, na jumla haizidi 27. Wenyeji wa milimani husema upendeleo huo ni mabaki ya ruhusa za enzi ya Maria Theresia, aliyetawala kuanzia 1740 hadi 1780.

Sheria iliyoandikwa kwa uangalifu wa kuhesabu watu wa nyumba ni sheria iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuingia katika nyumba hizo.

Bonde lililo jirani, katika kijiji cha Galtür, wanao utaratibu wa ajabu zaidi. Huko hukeneka mizizi ya mmea wa mlimani uitwao Enzian, mchungu kuliko mwarobaini, ambao huchukua miaka mingi kukomaa na hulindwa kisheria. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya kanisa lao mwezi Septemba, hupigwa kura, na familia 13 tu hupata haki ya kuchimba, kila moja kilo 100 za mizizi. Anayekosa hungoja mwaka mwingine. Mmea ungalipo.

Sitaki msomaji afikiri kwamba watu wa Alpi walizaliwa na busara hii. Majirani wao wa Uswisi waliipata kwa uchungu. Katika karne ya 19 nchi hiyo ilifurika pombe kali ya viazi, rahisi na chafu, iliyowaangamiza maskini. Mwaka 1885 wananchi walipiga kura kuipa serikali kuu mamlaka juu ya pombe kali, na sheria ikafuata mwaka 1887. Mwaka 1908 walipiga kura tena, safari hii kupiga marufuku kinywaji kiitwacho absinthe, baada ya mwanamume mmoja aliyelewa kuiua familia yake mwaka 1905. Ikumbukwe kwamba siku hiyo alikuwa amekunywa na mvinyo mwingi, lakini hasira ya umma iliiangukia absinthe peke yake. Marufuku ilianza kutumika 1910. Je, absinthe ilitoweka? Hasha. Katika bonde la Val-de-Travers, kwenye milima ya Jura, iliendelea kutengenezwa kwa siri jikoni na ghalani kwa miaka 95, mpaka serikali ilipoihalalisha tarehe 1 Machi 2005. Ile sheria nyingine, ya kusimamia na kutoza kodi, ndiyo iliyofanya kazi. Hadi leo mapato ya kodi ya pombe kali nchini humo huenda kwenye bima ya wazee na ya walemavu, na sehemu moja ya kumi hupewa majimbo ili yapambane na ulevi. Mnywaji humlipia mlevi matibabu.

Nasi je? Tulitunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Miaka 30 ikapita, na hakuna aliyeweza kusema kwa unyofu kwamba chang'aa ilipungua. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ile ambayo wengi huiita kwa jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho, na kwayo chang'aa ikaruhusiwa mradi itengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Niliishangilia wakati ule. Lakini mlango uliofunguliwa uliwekwa kizingiti kirefu. Masharti yale hutimizika kwa mwenye kiwanda, na mama wa kando ya mto hana pa kuanzia. Hakuna fungu linalomtambua mtengenezaji mdogo kama mtu aliye baina ya kiwanda na mhalifu. Akabaki mtoni, na mtoto akabaki njia panda, siku ambayo angepaswa kuwa darasani.

Baadhi ya walimu wenzangu watapinga kwamba chang'aa huua. Naomba tulitazame dai hili kwa makini, kwa kuwa ni hapa ambapo somo la kemia lina deni kwa taifa. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi na viungani mwake. Mei 2014 makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa. Februari 2024 msiba ukarudi Kirinyaga. Katika maafa ya namna hii kitajwacho ni methanoli. Wanafunzi wengi huamini kwamba methanoli hiyo ni kosa la mpishi aliyekeneka vibaya. Sivyo. Methanoli ya asili hutokana na pektini, ile nata iliyomo katika matunda, na nafaka na sukari za chang'aa zina pektini kidogo mno. Pombe ya plamu ya mama yule wa Stanz ina methanoli zaidi, na sheria za Umoja wa Ulaya huiruhusu mpaka gramu 1,200 kwa kila lita 100 za alkoholi halisi. Tena kumwaga kitangulizi hakuiondoi yote, kwa maana methanoli hufuatana na ethanoli hata mwisho. Methanoli iuayo watu kwa makumi huwa ni ile ya viwandani, itolewayo kwenye pipa na mfanyabiashara aliyeona ni rahisi kuliko kukeneka. Hiyo haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa kuonja.

Sasa mfanyabiashara huyo huuza wapi? Huuza pale ambapo chupa haina jina, mtengenezaji hajulikani, na mnywaji hawezi kumshtaki mtu kwa sababu naye anaogopa kukamatwa. Huuza gizani. Kila msako uwapindulao wakenekaji wadogo mapipa yao humsafishia soko.

Ninapendekeza wabunge wetu wafikirie leseni ndogo, ya bei ndogo, itolewayo na kaunti: mtambo usajiliwe, kiasi kiwekewe ukomo, sampuli ipimwe, na jina la mtengenezaji liwe juu ya chupa. Asilimia kumi ya kodi itengwe kwa matibabu ya waathiriwa wa ulevi. Najua kwamba zipo familia, za Kiislamu na za Kikristo, zisizotaka hata kusikia jambo hili likijadiliwa, nami nawaheshimu. Lakini kuwasha mtambo huu au kuuzima hakumo katika uwezo wetu; umewaka tangu kabla ya uhuru. Kilichomo katika uwezo wetu ni kujua uko wapi na nani ameushika.

Walimu wa kemia hawana haja ya kungoja Bunge. Wanapochora chungu, bomba na chombo cha maji ubaoni, wawaambie wanafunzi kwamba methanoli hugeuka mwilini kuwa asidi ya fomiki, kwamba dalili zake huweza kuchelewa hata siku nzima baada ya kunywa, na kwamba mtu aliyekunywa jana kisha leo analalamika kuwa macho yameingiwa na ukungu halali ulevi wake nyumbani mpaka uishe. Hupelekwa hospitalini saa hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ya kuizuia ipo, nayo hufaa ikiwahi.