Pampu zisiwanyime wagonjwa usingizi



Nataka kuzungumzia mitetemo ya pampu kubwa za maji katika majengo ya umma.

Mwaka jana nilimwuguza mzee wangu katika hospitali moja ya ghorofa. Chini ya wodi palikuwa na chumba cha mitambo. Kila pampu ilipowashwa, vitanda vilitetemeka. Tuliambiwa tutazoea. Mimi nasema hilo si la kuzoewa, ni kazi iliyolipuliwa.

Mota nyingi za pampu hizo huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, yaani mara 24 kwa sekunde. Pampu iliyofungwa kwa bolti moja kwa moja sakafuni huitikisa sakafu kwa kila mzunguko. Mama anayetwanga ndani ya nyumba huweka gunia chini ya kinu. Mafundi nao wana gunia lao: springi za chuma chini ya kitako kizito cha zege kinachobeba pampu.

Lakini si kila kilicho laini kinafaa. Wanafunzi wangu wanajua kwamba bembea ikisukumwa kwa kufuata mwendo wake huruka juu zaidi. Vivyo hivyo, springi ambayo mwendo wake unalingana na mzunguko wa pampu huzidisha mtetemo. Springi inayobonyea milimita 25 kwa uzito wa mtambo hucheza karibu mara 3 tu kwa sekunde. Kwa hesabu, kwenye sakafu ngumu, hupitisha chini ya asilimia 2 ya nguvu ya mtetemo. Mpira unaobonyea milimita 3 hupitisha karibu moja ya sita. Sakafu ya ghorofa ya juu, ambayo nayo hunepa, hutaka springi zinazobonyea zaidi.

Springi peke yake hazitoshi. Bomba lililobanwa ukutani hupeleka mtetemo ule ule wodini, hivyo huhitaji kiungo cha mpira karibu na pampu na vishikizo vyenye springi. Mabaki ya saruji yaliyoachwa chini ya kitako huharibu kazi yote. Tena nchi yetu imepitiwa na Bonde la Ufa, na hatujasahau tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016. Lazima viwepo vizuizi vya chuma ili ardhi ikitikisika pampu isiruke kutoka kwenye springi zake.

Kwa maoni yangu, kasoro hizi hupenya siku ya makabidhiano. Bomba hufunguliwa, maji hutoka, makofi hupigwa. Nani huingia wodini kusikiliza pampu zote zikiwa kazini? Napendekeza mitetemo ipimwe kwa chombo, wodini na maofisini, kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho.

Wapo watakaosema hizo ni gharama. Lakini kukata mabomba na kuinua pampu baadaye, huku wodi ikikosa maji, ni gharama kubwa zaidi, na anayelipa ni mwananchi yule yule.

Mgonjwa hawezi kubeba kitanda chake akatafute utulivu. Wakaguzi wa majengo ndio wamsemee.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.