Mnyama Asiye na Mkia

Juma hili interna nzima haina habari ingine, kwa hiyo na siye tunaoangalia dortwari tunatoa wazo letu.

Mnyama aliyetoka nyuma ya sanduku la mdogo wetu wa mwaka wa kwanza si nge, si buibui pia. Ni wa ukoo wao, maana ana miguu minane, lakini mwili wake ni bapa. Miguu miwili ya mbele ni mirefu na myembamba kama mijeledi. Hiyo hatembei nayo, anapapasa nayo njia gizani. Mkia hana. Sumu hana hata tone. Mikono yake yenye miiba ni ya kukamata mende na wadudu wengine. Ukimfinya atakuchoma kidogo kama mti wa miiba, basi. Wataalamu wanamwita amblipiji. Kwake ni mashimo ya miti, mapango na chini ya mawe.

Wengine walisema njo yule wa jangwa anayekimbiza watu. Hapana! Yule anakaa nchi kavu, kama kaskazini ya Kenya, na anakimbia kweli, lakini naye hana sumu, ijapo akiuma unasikia. Mwaka 2004 askari wa Marekani kule Irak walieneza picha ya wawili walioshikana, karibu kabisa na kamera, watu wakaamini wana urefu wa mguu wa mtu. Kumbe hata akinyoosha miguu yote hapiti kiganja na vidole vya mtu mzima. Na wale walikuwa na bunduki.

Kilichotukasirisha ni kingine. Mnyama aliuawa kwa viatu, sawa, lakini mwenye sanduku akaitwa mulozi. Wenzake wakahamisha matandiko, siku mbili akalala peke yake pembeni. Hilo hatulikubali. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu mtu anayemshitaki mtoto ulozi. Mnyama alifuata mende na giza, na mende wanafuata makombo yetu wenyewe chini ya vitanda.

Wa kuogopa ni nge, naye mnamchezea! Tazameni magando yake: mwenye magando membamba na mkia mnene, mara nyingi sumu yake ni kali kuliko ya lile jeusi kubwa. Akichoma mtu, msichanje na wembe, msifunge kamba, na lile jiwe nyeusi mliache. Osheni kwa sabuni, wekeni kitambaa cha maji baridi, mpelekeni mgonjwa sentre ya afya. Mbio zaidi kama ni mtoto, ao akitoka mate mengi, akitetemeka, akipumua kwa shida.

Kopo lenye kifuniko liko dirishani mwa dortwari. Mkiona mdudu msiyemjua, msimguse kwa mkono, mfunikieni humo, apelekwe kwa mwalimu wa biolojia. Na sanduku la yule mdogo, toka leo jioni linakaa karibu na letu.