Tembo Yatima wa Nairobi

Msafiri atokaye Bukavu akifika Nairobi huonyeshwa mambo mengi: nyumba ndefu, reli, masoko makubwa. Sisi tuliwaomba wenyeji wetu jambo moja tu, watupeleke mahali wanapolelewa tembo yatima, kando ya mbuga ya taifa iliyo karibu na mji ule. Wakacheka kidogo, wakidhani kwamba watu waliokulia chini ya mlima Kahuzi wamekwisha kushiba kuona tembo. Laiti ingekuwa hivyo!

Wageni huingia saa tano ya asubuhi, na saa sita wote hutoka. Twaona ni vema, maana wanyama hao hawakuwekwa pale kwa ajili ya kutazamwa. Watu husimama nyuma ya kamba. Mara tembo wadogo hutokea porini, mmoja nyuma ya mwenziwe, wakikimbia na kupiga masikio, kwa kuwa wamekwisha kunusa maziwa. Walio wachanga kabisa wamefungwa blanketi mgongoni wasishikwe na baridi. Mmoja alipokwisha kumaliza chupa yake alitaka kumnyang'anya mdogo wake. Akakaripiwa kama mtoto wa shule, akarudi nyuma.

Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1977 na Bibi Daphne Sheldrick, kwa ukumbusho wa mumewe David, aliyekuwa mkuu wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Bibi huyo alifariki mwaka 2018. Wasomaji wasidhani kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Miaka mingi alijaribu kuwalea tembo wanyonyao kwa maziwa ya ng'ombe, nao wakamfia mikononi, kwa maana mafuta ya maziwa hayo hayawafai. Mwishowe akapata maziwa ya unga ya watoto wa binadamu, yenye mafuta ya nazi mahali pa yale ya ng'ombe. Mwaka 1974 mtoto mmoja, aliyeitwa Aisha, akanawiri kwa maziwa hayo hata akafikia umri wa miezi sita. Ndipo Bibi akaondoka siku chache kwa arusi ya binti yake. Aisha alikataa kula, akafa. Hakukosa maziwa, alimkosa mama.

Tangu hapo ikajulikana kwamba yatima asifungamane na mtu mmoja tu. Walezi ni wengi, nao hupokezana. Usiku kila mlezi hulala banda moja na mtoto wake, kesho hulala na mwingine, na kila saa tatu huamka kumnywesha. Mchana hutembea nao porini. Wafikiapo umri wa miaka mitatu hivi, hupelekwa Tsavo, wakakae na yatima wakubwa, na polepole, kwa miaka mingi tena, hujiunga na tembo wa pori. Baadhi ya majike waliolelewa hivyo wamerudi siku moja kwa walezi wao, wakiwa na watoto waliowazaa porini.

Tulimwuliza mlezi mmoja kama tembo wa namna hiyo wangeweza kuletwa kwetu. Naye akatujibu kwa swali: «Huko kwenu wako tembo watakaowapokea?»

Neno hilo lilitunyamazisha. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1980 ikaandikwa katika urithi wa dunia. Katika sehemu yake ya juu, ile iliyo karibu na Bukavu, mlikuwa na tembo mamia kadhaa. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilijaza msitu bunduki, na katika miaka michache tembo wale wa juu waliuawa karibu wote, kwa pembe na kwa nyama. Gorila wengi pia waliangamia pamoja nao. Njia ambazo tembo walikuwa wakizifungua zimezibwa, na mimea itambaayo imefunika miti mahali pengi. Wachunguzi wengine hutaja kutoweka kwa tembo kuwa sababu mojawapo. Tena ule ukanda mwembamba wa msitu uunganishao sehemu ya juu na ile ya bondeni umevamiwa na mashamba, hata mnyama atakaye kupanda huko hana pa kupita. Basi yatima aletwe kwa nani?

Hata hivyo, kwetu pia wako walezi. Huko Lwiro, katika nchi ya Kabare, tangu mwaka 2002 wanatunzwa sokwe na nyani ambao mama zao waliuawa na wawindaji. Sokwe peke yao ni zaidi ya mia. Akina mama wa vijiji vya jirani ni miongoni mwa wanaowalea wale wachanga, wakiwabeba kifuani mchana kutwa. Wanafunzi wetu wengi wa Bukavu hawajafika Lwiro kamwe, nasi tumevuka mipaka kwenda kutazama wa wengine. Kutoka mjini, ni mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari.