Mapumziko ya Nani?

Kila mwaka mwezi wa Desemba ufikapo, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa watu. Ni safari ya kilometa zipatazo 560, na wengi waikatao ni wana wa Kilimanjaro warudio kwao Rombo, Marangu, Kibosho na Machame. Wakiulizwa waendako, hujibu kwa neno moja: kupumzika. Sisi hatubishani na neno hilo. Mtu aliyefanya kazi miezi kumi na mmoja anastahili kupumzika, na huko Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo. Twabishana na namna apumzikavyo, kwani tumeitazama kwa karibu, nasi twaona ya kuwa raha ya mmoja imekuwa mzigo wa mwingine.

Tumtazame mama aliyebaki kihambani. Ng'ombe wa mlimani hufungwa zizini, haendi malishoni kwa miguu yake. Yampasa aletewe majani, na mletaji kwa desturi ni mwanamke, ambaye mara nyingi huyafuata mbali katika nyanda za chini, akayafunga, akapanda nayo kichwani. Tena kuna samadi ya kutoa, migomba ya kupunguza majani, kuni, maji, na watoto wa kupeleka shule. Hiyo ndiyo kazi ya siku zote. Sasa baba amefika, na pamoja naye watoto waliokulia mjini, shemeji, na rafiki wawili watakao kuuona mlima. Je, ng'ombe amepunguza kula kwa ajili ya wageni? La, hasha. Kazi ile ya kwanza ingalipo yote, na juu yake vimewekwa vyungu vya mtori, maji ya moto ya kuoga watu tisa, matandiko, na mbege kwa nyumba ziinywazo. Na mbege si kitu cha kumimina tu. Ndizi mbivu huchemshwa saa nyingi, zikaachwa siku kadhaa. Ulezi huoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Ndipo viwili hivyo huchanganywa. Yule aliyekuja kupumzika ameketi kivulini, auliza kama imekwisha kuiva.

Huenda mtu atasema: Bwana huyu ndiye aletaye fedha, basi amestahili kutumikiwa. Fedha ameleta, hatukatai. Lakini kama kihamba kisingalilimwa, angalirudi wapi? Maziwa anywayo asubuhi yametoka katika majani yale yaliyobebwa kichwani. Mwingine atasema kwamba ajapo ni kama mgeni. Kwanza, mtu si mgeni katika nyumba yake. Pili, hata akiwa mgeni, wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi hatujasikia ya kuwa shuka za mjini humfungua mtu katika mithali hiyo. Walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni huja, na mwenyeji hulala mgonjwa mwezi wa Januari.

Wako na wafanyao mzaha kwa Maandiko, wakisema ya kuwa amri ya sabato yawataja mwana na binti, watumwa, wanyama na mgeni, bali mke haimtaji. Hao twawajibu kwa ufupi: kama ng'ombe amepewa siku yake, ni aibu kumhesabu nyuma ya ng'ombe yeye amlishaye.

Jambo hili si la Uchagani peke yake, wala si la jana. Zamani za ukoloni, wanaume walitoka Kigoma, Songea na Rungwe kwenda kukata mkonge, wakaitwa manamba. Kila mtu alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na kila siku aliyoimaliza ilitiwa alama. Kazi ile ilikuwa ngumu, na malipo yake haba. Walakini manamba aliweza kukitazama kipande chake akajua amefanya siku ngapi, na zimesalia ngapi. Mkewe aliyebaki akilima peke yake, ni nani aliyemwandikia kipande?

Kweli, wenyeji nao humchosha mtu wao: harusi, kipaimara, kikao cha ukoo na maombi ya karo vyote hungojea Desemba. Hilo nalo ni baya, lakini kuna dawa yake, maana yeye aweza kukataa. Mama hawezi kumkatalia ng'ombe.

Basi twataka nini? Twataka siku ya tatu baba ashike panga aende majanini mwenyewe, wala asimtume kijana wa jirani kwa shilingi. Twataka watoto wa mjini wachote maji na kuosha vyombo, nao hawatakufa. Na katika zile siku 28, zitengwe chache ambazo mama hatashika mundu wala mwiko, aende kwa mamaye akakae kitako kama binti wa watu. Kisha ukoo ukutanapo, aulizwe mbele ya wote amepumzika siku ngapi tangu Januari, na hesabu hiyo isomwe kwanza, kabla ya hesabu ya michango.