Tusijifiche Nyuma ya Maombi

Kuna usemi unaozunguka katika makanisa yetu, nao husemwa kwa upole kana kwamba ni hekima: kazi ya kanisa ni roho za watu, na habari za njaa, kodi ya nyumba na karo za shule tuiachie serikali. Nimeusikia katika vikao vya wazee, nimeusikia kwa wanakwaya, na hata mimbarani nimeusikia. Naupinga hapa kwa kumtaja mwanamke mmoja wa Poland, Irena Sendler.

Irena alizaliwa tarehe 15 Februari 1910. Baba yake alikuwa daktari mjini Otwock, karibu na Warsaw, akiwatibu maskini, Wayahudi wakiwamo, wakati ambapo wengine waliogopa kuwagusa. Mwaka 1917 akafa kwa homa ya taifasi. Binti yake alisimulia maisha yake yote jinsi alivyofundishwa nyumbani kwamba mtu anayezama majini hutolewa, haulizwi kwanza dini yake.

Alipokua akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Aliwahudumia akina mama wasioolewa na familia za wasio na ajira. Kisha vita vikaja. Mnamo Novemba 1940 Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa Warsaw nyuma ya ukuta, zaidi ya watu 400,000 katika sehemu ndogo ya jiji. Tangu Oktoba 1941, aliyewasaidia waliotoroka alistahili kifo kwa amri ya watawala. Na tangu tarehe 22 Julai 1942, treni zilianza kuwabeba kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka. Katika wiki chache walipelekwa takriban 265,000.

Irena alikuwa na kibali cha kuingia kule ndani kwa kazi ya kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Yeye na wenzake wakakitumia kibali hicho kuwatoa watoto: wengine ndani ya gari la wagonjwa, wengine katika magunia, wengine kupitia jengo la mahakama lililopakana na ukuta. Akina mama walimuuliza kama anaweza kuwahakikishia kwamba mtoto ataishi. Hakuweza kuwahakikishia. Wengine walimpa mtoto, wengine walishindwa kumwachia.

Sasa, ndugu mpendwa, jiulize watoto hao walikwenda wapi. Wengi walipelekwa kwenye familia, nyumba za yatima na nyumba za masista. Mama Matylda Getter, mkuu wa jimbo wa shirika la Masista Wafransisko wa Familia ya Maria, aliwafungulia milango. Mapadre walitoa vyeti vya ubatizo kwa watoto ambao hawakubatizwa, ili wapite mbele ya askari. Hapo ndipo ninapotaka kumsikia yule asemaye kwamba kanisa lishughulikie roho tu. Je, masista wale waliacha kazi ya kanisa walipochemsha uji wa mtoto wa Kiyahudi?

Atainuka mwingine aseme: vyeti vile vilikuwa uongo. Ndiyo, vilikuwa uongo mbele ya wauaji. Nasi tunasoma katika Kutoka, sura ya kwanza, habari za Shifra na Pua, wakunga waliomdanganya Farao ili watoto wa kiume wa Waebrania waishi. Biblia haituambii kwamba Mungu aliwakemea. Inatuambia kwamba aliwatendea mema, akawajalia jamaa. Anayeona aibu kwa vyeti vile na aanze kwa kuona aibu kwa wakunga wale.

Lakini kuna jambo linalotuhukumu zaidi. Irena aliandika kwenye vipande vya karatasi nyembamba jina halisi la kila mtoto, pamoja na jina jipya na mahali alipofichwa. Orodha hizo zilifukiwa ndani ya chupa, katika bustani ya rafiki yake. Kwa nini kujiletea hatari hiyo? Kwa sababu mtoto hakuwa mali ya aliyemwokoa. Alikuwa na mama, ukoo na dini ya wazazi wake, na siku moja alipaswa kurudishiwa. Vita vilipokwisha orodha zilikabidhiwa kwa viongozi wa Wayahudi, ingawa wazazi wengi walikuwa wameshauawa. Linganisheni na misaada yetu, ambapo anayepokea kilo mbili za unga anasimamishwa mbele ya kamera, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka jina lake.

Mnamo Oktoba 1943 Gestapo walimkamata. Aliteswa katika gereza la Pawiak, hakutaja mtu, akahukumiwa kifo. Wenzake wa Żegota, baraza la siri la kuwasaidia Wayahudi, waliwahonga walinzi, akatoka hai na kuendelea na kazi kwa jina la kificho. Baada ya vita alirudi kwenye kazi ileile ya ustawi wa jamii, kwa yatima na wazee.

Wapo watakaosema hakuwa mtu wa kanisa sana, alikuwa na siasa za kijamaa. Ni kweli, na mfano wa Msamaria unawajibu. Kuhani na Mlawi walikuwa watu wa hekaluni. Aliyeinama kwenye jeraha alikuwa mgeni ambaye imani yake ilitiliwa shaka.

Wapo pia watakaosema yeye alikuwa shujaa, sisi ni watu wa kawaida. Yeye mwenyewe alikataa kuitwa shujaa hadi alipofariki tarehe 12 Mei 2008. Alisema dhamiri ilimsuta kwa kufanya machache. Tena alisisitiza kwamba hakufanya kazi peke yake. Tunapenda kumwita shujaa kwa sababu shujaa hupigiwa makofi tu, lakini mfanyakazi mwenzetu tungelazimika kumfuata.

Sikatai maombi. Nakataa maombi yanayotumika kama mlango wa kumfungia maskini nje. Yakobo alikwisha sema habari za anayemwaga ndugu mwenye njaa kwa maneno ya baraka na mikono mitupu. Basi kila jumuiya iwe na daftari: yatima ni nani, mjane ni nani, mgonjwa asiye na wa kumpikia ni nani, na nani kati yetu amekwenda kwake wiki hii. Wazee wa kanisa walisome daftari hilo kikaoni, kabla ya kufika kwenye hoja ya rangi ya ukuta na vipaza sauti vipya.