Mpe Kifaa, Lakini Usimnyime Ishara

Wasee, hii itauma wengine, lakini wacha niseme.

Binamu yangu alizaliwa kiziwi. Tukafanya harambee, akapasuliwa, akawekewa kifaa cha koklea: nyaya ndogo ndani ya sikio, mashine nyuma ya sikio. Anasikia, sikatai. Lakini hospitalini anti aliambiwa, "Msimfunze ishara, atakuwa mvivu wa kuongea." Familia nzima tukatii.

Krismasi iliyopita, ushago, stima zikapotea siku mbili. Betri zikaisha. Mtoto wa miaka tisa akakaa katikati ya watu wanaompenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kumuuliza kwa mikono, "Umeshiba?"

Kifaa sina shida nacho. Shida yangu ni ile amri.

Na ni ya kitambo. Mwaka wa 1880, jijini Milan, Italia, walimu wa viziwi, karibu wote watu wanaosikia, walipiga kura ishara zitolewe madarasani. Ni 2010, huko Vancouver, ndio mkutano kama huo ulitangaza kujutia uamuzi huo. Miaka 130! Mwaka huo huo Kenya tukapitisha Katiba, na Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Yaani mheshimiwa anaruhusiwa, mtoto wa anti anakatazwa?

Kuna viziwi wanaohofia kifaa hiki kitaua lugha yao. Nawaelewa. Lugha hufa watoto wakinyimwa. Lakini pia siwezi kumwambia mama asimpe mtoto wake sauti. So mpe zote mbili! Ati ishara zitamchelewesha kuongea? Kwani wewe ukijua Kikamba, Kiswahili, Kizungu na Sheng, ni gani ilikufunga mdomo? Kuzoea kifaa huchukua mazoezi ya miaka. Hiyo miaka yote akae bila lugha? Na usiku akikivua, bado ni kiziwi.

Mzazi, kama pesa iko, weka kifaa. Lakini usingoje upasuaji ndio uanze ishara. Anza leo, wewe na ndugu zake, na mtafute kiziwi mtu mzima awafunze.

Mimi nimeanza. Bado vidole vyangu ni vizito, na dogo ananicheka. Lakini Krismasi hii, stima zipotee zisipotee, nitamuuliza mwenyewe kama ameshiba.